Nani Mgeni Katika Sinema ya Karatu?

Iko rai moja ambayo nimeisikia mara nyingi hapa Karatu, katika baraza za maduka na katika mazungumzo ya walimu, mafundi na waongoza watalii, nayo hutamkwa kwa sauti ya mtu mwenye yakini hata msikilizaji huona haya kuipinga: kwamba sinema za Asia, yaani za Bara Hindi, za Uchina, za Korea, za Uajemi na za Uturuki, ni mgeni aliyeingia nyumbani bila ya kubisha hodi, akakalia kiti cha mwenye nyumba na kula chakula cha watoto wake, na kwamba kuzipa taadhima katika tamasha la kimataifa lifanyikalo katika ardhi yetu, kama tamasha la Zanzibar lifanyavyo tangu kuasisiwa kwake, ni sawasawa na kumvisha mgeni huyo kilemba na joho hali mwana wa nyumba yu uchi. Wasemao hivi si wajinga, wala si mahasidi. Wengi wao huipenda nchi yao, na baadhi yao wameumia kwa hali na mali. Mwezi wa Aprili 2017 waigizaji wetu wa Bongo Movie waliandamana Kariakoo, Dar es Salaam, wakidai kwamba filamu za nje zinazouzwa barabarani bila ya kodi wala haki ziondolewe, na tangu siku hiyo rai niliyoitaja imepata nguvu ya kanuni, ikawa mtu azisifuye filamu za Kihindi au za Kikorea mbele ya watu wenye elimu huonekana amesaliti kitu.

Wako pia wenye rai nyepesi kidogo. Hawa husema Zanzibar na ifanye ipendavyo, kwa kuwa ni kisiwa, na bahari imewazoesha watu wake kupokea kila kiletwacho na pepo. Ama sisi wa bara, tulio juu ya ukuta wa Bonde la Ufa, mwendo wa siku nyingi kutoka pwani, hatuna fungu katika udugu huo wa majahazi. Nataka kuzijibu rai zote mbili kwa staha wanayostahili wenyewe, lakini pasipo kuzificha dalili zangu. Maana naona zimekosea katika jambo lililo la kwanza kabisa, nalo ni kumtambua mgeni.

Kama ni mgeni tumtafutaye katika sinema, hatuna haja ya kwenda mbali. Na tupande gari kutoka mjini Karatu, tupite lango la Lodoare, tupande msitu wenye ukungu mpaka ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Pale kando ya njia yapo mawe yaliyopangwa kwa umbo la piramidi, nalo ni kaburi la Michael Grzimek, Mjerumani kijana aliyekufa kwa ajali ya ndege tarehe 10 Januari 1959 alipokuwa akiwahesabu wanyama, na la baba yake Bernhard, ambaye majivu yake yaliletwa kuzikwa hapo baada ya kufa kwake mwaka 1987. Watu hawa wawili walikuwa watengenezaji wa filamu. Filamu yao juu ya Serengeti, iliyotoka mwaka ule ule wa msiba, ilipewa tuzo ya Oscar mwaka 1960, na mamilioni ya watu wa Ulaya na Marekani waliijua nchi hii kwa mara ya kwanza kwa kupitia kwayo. Sina neno baya juu ya marehemu: mapenzi yao kwa wanyama yalikuwa ya kweli, na mmoja wao aliyalipia kwa roho yake. Lakini mtu wa huku akiitazama filamu ile kwa utulivu ataona kwamba nyumbu amepewa safari, na pundamilia amepewa maisha yenye mwanzo na mwisho, na ndege yenye mistari ya pundamilia imepewa ushujaa. Ama Mmasai, yeye amepewa nafasi ya tatizo, na ng'ombe wake nafasi ya tatizo la pili. Mwaka ule ule wa 1959 Wamasai walitolewa Serengeti, na eneo la Ngorongoro likatengwa kwa ajili ya wanyama na wafugaji pamoja. Mwaka 1974 familia zilizokuwa zikiishi ndani ya kreta nazo zikatolewa humo. Na tangu mwaka 2022 malori yamekuwa yakiwachukua wakazi wa hifadhi kwenda Msomera, wilayani Handeni. Sisemi kwamba filamu moja ndiyo iliyoyafanya hayo yote. Nasema kwamba iliwafundisha walimwengu kuitazama nchi hii kama nchi isiyo na wenyewe, na somo hilo halijafutika.

Baada yake ikaja filamu ya Howard Hawks ya mwaka 1962, iliyopigwa Momella na katika nyanda za kaskazini ya Tanganyika, John Wayne akiwa nyota wake. Jina lake ni neno letu, *Hatari!*, lakini wenye neno hilo katika filamu hiyo ni washika kamba na wapanda nyuma ya magari, wasio na nyumba, wasio na mama, wasiopendwa na mtu wala kumpenda mtu. Miaka 60 baadaye ikatoka filamu ya Royal Tour, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan alimwongoza mwandishi wa Kimarekani Peter Greenberg katika vivutio vyetu, ikazinduliwa New York tarehe 18 Aprili 2022 na Arusha siku 10 baadaye. Hiyo siiweki katika fungu moja na zile mbili, kwa sababu aliyeongoza safari ni mwenyewe, na riziki za wengi hapa Karatu hutegemea wageni ambao filamu hiyo iliwaita. Hata hivyo mtazamaji aliyekusudiwa hakuwa mkulima wa Rhotia wala mchungaji wa Endulen. Ilitengenezwa ili mtu aliye mbali atamani kuja.

Basi hiyo ndiyo sinema iliyokuja kwetu na kamera. Imekuja mara nyingi, imechukua picha, imeondoka nazo, na hapa haijaacha hadithi hata moja ambayo mama anaweza kumsimulia mwanawe jioni. Sinema ya Asia ilikuja kwa njia nyingine. Ilikuja kwetu bila ya kamera. Ilikuja na hadithi mkononi, ikamkuta mtu amekaa juu ya kreti la soda, ikamwambia: keti, nikueleze.

Naikumbuka nafsi yangu katika kibanda cha mabati na magunia nyuma ya soko, siku ya mnada, jenereta likiunguruma nje na harufu ya nyama choma ikipenya katika matundu ya ukuta. Wadatoga waliokwisha kuuza ng'ombe, Wairaqw waliotoka Endabash na Endamarariek, vijana wa Mang'ola wenye harufu ya vitunguu mikononi, wote tulibanana mbele ya televisheni ndogo. Aghalabu filamu zilikwisha kutiwa sauti ya Kiswahili na wafasiri wa Dar es Salaam, ambao mashuhuri wao alikuwa Derek Mukandala, mtu ambaye nchi nzima ilimjua kwa jina la Lufufu: yeye alisimulia juu ya maneno ya waigizaji, akieleza, akionya, akiwapa wahusika majina ya mitaani na kuwatilia methali vinywani pale filamu ilipokuwa kimya. Lakini siku ninayoikumbuka zaidi kaseti haikuwa na sauti ya mfasiri. Mwenye kibanda, kijana aliyekwisha kuitazama mara nyingi, alisimama kando ya televisheni na kusimulia kwa Kiswahili. Na katika safu ya nyuma binti mmoja alikuwa akiyageuza maneno ya kijana yule kwa Kiiraqw, sentensi baada ya sentensi, sikioni mwa mama yake mzee.

Filamu yenyewe ilikuwa *Mother India* ya Mehboob Khan, ya mwaka 1957. Yafaa niieleze kidogo, kwa sababu watu wengi waitupao hawajaitazama. Mama mkwe amekopa fedha kwa Sukhilala, mkopeshaji wa kijiji, ili kumwoza mwanawe. Wazee wa kijiji, kwa kutojua kusoma mkataba, wamehukumu kwamba robo tatu ya mavuno ya kila mwaka iende kwa mkopeshaji iwe faida tu, deni likiwa palepale. Bibi harusi, Radha, anaingia katika nyumba ambayo tayari si yake. Mume anapondwa mikono na jabali walipokuwa wakilima shamba la mawe ili waongeze mavuno, na kwa haya ya kulishwa na mkewe anaondoka usiku, asirudi tena. Mafuriko yanakuja. Radha anajifunga jembe la kukokotwa, anavuta yeye mahali pa ng'ombe, wanawe nyuma yake. Mtoto mmoja, Birju, anakua na chuki ya mkopeshaji kifuani, anakuwa haramia, na siku anayomteka binti wa mkopeshaji, mama yake mzazi ndiye anayempiga risasi, kwa sababu heshima ya binti wa kijiji ni heshima ya kijiji chote, hata kama baba wa binti ni dhalimu.

Niambieni sasa, katika hayo kipi ni kigeni kwa mtu wa Mang'ola? Mkulima wa vitunguu kandokando ya Ziwa Eyasi humjua Sukhilala vizuri kuliko ajuavyo jina la diwani wake. Amemwona akija shambani kabla vitunguu havijakomaa, akitoa fedha za mbegu, dawa na dizeli ya kuvuta maji, kisha akirudi siku ya kung'oa na magunia yake ya lumbesa, yaliyoshonewa vilemba vya kamba juu mpaka gunia moja linabeba karibu ya mawili, na bei akaipanga yeye. Mama yule mzee wa safu ya nyuma, ambaye Bara Hindi hakuijua hata kwa ramani, alipoona Radha amejifunga jembe alisema neno moja kwa Kiiraqw, na binti yake akanyamaza, hakutafsiri tena kwa muda mrefu. Sikuelewa neno lile. Nilielewa kwamba katika kibanda kile hapakuwa na mgeni.

Watu hustaajabu jinsi Wairaqw walivyoipokea kwa wepesi sinema inayosimuliwa na mtu mmoja huku umati ukiitikia, lakini mimi sistaajabu. Wazee wetu wana slufay, dua ndefu yenye ufasaha wa ushairi, ambayo mmoja hutanguliza na jamaa huitikia kwa sauti moja, na uzuri wake hautimii kwa mtangulizaji peke yake. Kibanda kilikuta masikio yaliyokwisha kufunzwa. Kijana aliyesimama kando ya televisheni alikuwa na babu katika kazi yake, na kelele za watazamaji, ambazo mtu wa mjini huziona utovu wa adabu, zilikuwa ni kuitikia.

Na hapa ndipo niwaombapo wenye rai ile waitazame nasaba ya dharau yao, kwa kuwa naamini hawaijui, na kama wangeijua wangeikana. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza waliendesha jaribio la sinema za elimu kwa Wabantu chini ya Meja Notcutt. Zikatengenezwa filamu 35, juu ya minyoo ya safura, juu ya kodi, juu ya kuweka akiba posta na mengine ya namna hiyo, zikatembezwa kwa gari kutoka kijiji hadi kijiji Tanganyika na nchi za jirani. Nia yaweza kuwa ilikuwa njema. Lakini katika idara za sinema za kikoloni za miaka hiyo na iliyofuata ilikita dhana ya kwamba Mwafrika hawezi kuifuata picha yenye mikato ya haraka na mambo mengi kwa pamoja, hivyo apewe kitu kimoja, polepole, chenye funzo moja la wazi. Ajabu ni kwamba katika zama zizo hizo watu wa Unguja, baadhi yao wasiojua kusoma herufi moja, walikuwa wakienda Royal, jumba la sinema lililofunguliwa mwaka 1921, kutazama filamu za Kihindi za saa tatu, zenye nyimbo, ndoto ndani ya ndoto, mapacha waliopoteana na mashitaka mahakamani, kwa lugha ambayo wengi wao hawakuisema, na wakatoka wakiwa wameelewa kila kitu. Royal iliungua, na mahali pake ikasimama Majestic mwaka 1955. Ilipokuja *Awaara* ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, inayouliza kama mtu huwa mwizi kwa damu au kwa malezi, watu waliijadili barazani kama kesi ya jirani yao. Na huko Mombasa, mwimbaji Juma Bhalo alizichukua lahani za filamu za Kihindi, akazivisha mashairi ya Kiswahili, hata leo wako wazee wanaoimba lahani hizo kwa hakika kwamba zilizaliwa Mji wa Kale.

Basi msomi wa leo asemapo kwamba watu wetu hutazama filamu za Asia kwa sababu hawajui kilicho bora, kwamba hulizwa na kuchekeshwa kama watoto, anarudia kwa Kiswahili kile kilichosemwa Vugiri kwa Kiingereza. Mtu aliyejifunza kufuata masimulizi ya lugha tatu kwa mpigo, macho yakiwa kwa mwigizaji, sikio moja kwa mfasiri na jingine kwa jirani, si mtazamaji dhaifu. Ni mtazamaji hodari kuliko yule aketiye ukumbini gizani, peke yake, mwenye maandishi chini ya picha.

Sasa niijie hoja ya mali, ambayo kwangu ndiyo nzito. Ni kweli kabisa kwamba mwanasinema wa Kitanzania anayeuza kazi yake hushindana na nakala ya wizi ya filamu ya Kikorea iliyogharimu fedha nyingi, na nakala hiyo huuzwa kwa bei asiyoweza kuifikia yeye. Na ni kweli kwamba wafasiri wetu, ambao nimewasifu, walifanya kazi yao juu ya mali ya watu wengine bila ya idhini. Ukweli huo usifichwe. Lakini mwizi wa filamu ya Kikorea ni yule yule mwizi wa filamu ya Kibongo, naye huiba zote kwa mashine moja. Kumfukuza Mkorea hakumfungi mwizi mikono. Na majumba ya sinema ya miji yetu, ambayo yangeweza kumlipa mwanasinema wetu tiketi baada ya tiketi, yalikufa moja baada ya jingine; haikuwa sinema ya Asia iliyoyaua, kwani ndiyo iliyokuwa ikiyajaza. Anayetaka kumsaidia mwana wa nyumba na adai sheria ya hakimiliki itekelezwe na kumbi zijengwe, hata Karatu. Madai hayo nitayabeba pamoja naye.

Tena, huyo mwana wa nyumba ni nani? Mwaka 2021 filamu ya *Vuta N'kuvute* ya Amil Shivji, Mtanzania, ilionyeshwa katika tamasha la Toronto. Imetokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, mmojawapo wa waandishi wetu wakubwa, na kiini chake ni Yasmin, binti wa Kihindi wa Unguja, na Denge, kijana aliyepigania uhuru. Wenye rai wangemweka wapi Yasmin, kwa wageni au kwa wenyeji? Na Mira Nair, mzaliwa wa Bara Hindi, aliyeanzisha Kampala mwaka 2004 chuo cha filamu kiitwacho Maisha, kikawafunza vijana wa Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda kuandika na kupiga picha, je, huyo alikula chakula cha watoto au aliwapikia?

Juu ya maadili sitakaa sana. Husemwa kwamba tamthilia hizi huwafunza vijana kuwavunjia wazazi heshima. Anayesema hivyo hajakaa na tamthilia ya Kikorea jioni moja, akaona jinsi mtoto anavyoinama mbele ya mkubwa wake, na jinsi neno la mama linavyoweza kuvunja posa. Rais Xi Jinping alipohutubia Dar es Salaam mwezi wa Machi 2013, aliitaja tamthilia ya Kichina iliyotiwa Kiswahili, ya mke kijana Doudou na mama wakwe zake, kwamba imependwa nchini. Kuna waliolichukua neno hilo kuwa dalili ya hila ya serikali. Serikali ina makusudio yake, jambo hilo sikatai. Lakini mwanamke wa Karatu aliyeifuata tamthilia ile aliifuata kwa sababu anaye mama mkwe.

Upo upande mwingine wa rai, unaojidhani ni wa marafiki wa Asia, nao pia naupinga. Hawa husema sinema za Asia zastahili kusherehekewa kwa sababu Ulaya na Marekani zimekwisha kuzithibitisha: *Rashomon* ya Akira Kurosawa ilipata Simba wa Dhahabu Venice mwaka 1951, na *Parasite* ya Bong Joon-ho ilipata tuzo kuu ya Cannes mwaka 2019 na Oscar ya filamu bora mwaka uliofuata. Naziheshimu tuzo hizo. Lakini kama ndiyo sababu ya sherehe yetu, basi tunawasherehekea majaji, na sisi tuliozipenda kabla ya majaji tumejifuta wenyewe katika historia. Mwaka 1958, miaka mitatu baada ya mkutano wa Bandung, watu wa Asia na Afrika walikutana Tashkent kuonyeshana filamu zao wenyewe kwa wenyewe. Wakakutana Kairo mwaka 1960, na Jakarta mwaka 1964. Hawakungojea idhini. Na Zanzibar, tamasha lililoasisiwa mwaka 1997 na kufanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1998, lilijiita tangu mwanzo Tamasha la Nchi za Jahazi, yaani nchi zote ambazo kusi na kaskazi zimezifanya majirani, na tuzo yake kubwa likaiita Jahazi la Dhahabu. Katika jina hilo Asia haikualikwa kwa takrima. Imo kwa haki ya ujirani uliotangulia mipaka yetu yote.

Wala ujirani huo haukukomea ufukweni. Kaniki, ile nguo nyeusi ambayo bibi zetu wa bara waliivaa shambani, ilitoka Bara Hindi kwa jahazi, ikapanda kwa misafara. Barabara ya lami itokayo Makuyuni, ikapanda ukuta wa bonde juu ya Mto wa Mbu, ikatufikia Karatu na kuishia katika lango la Ngorongoro, ilijengwa kwa msaada wa Japani. Kwa barabara hiyo hupanda watalii wenye kamera, na kwa barabara hiyo hiyo, ndani ya mabasi, katika mifuko ya vijana, zilipanda kaseti na kisha santuri za filamu. Anayesema bara halina fungu katika udugu wa majahazi ameisahau nguo ya bibi yake.

Kama ningepewa nafasi ya kuchagua filamu moja ya Asia ya kusherehekewa huku, nisingechagua iliyopata tuzo kubwa. Ningechagua ile ya Abbas Kiarostami, Mwajemi, ya mwaka 1987, iulizayo nyumba ya rafiki iko wapi. Mtoto mmoja wa shule, Ahmad, amerudi nyumbani akakuta amechukua kimakosa daftari la mwenzake, na mwalimu amekwisha kuonya kwamba mwenzake huyo akija tena bila ya kazi yake ndani ya daftari lake atafukuzwa. Mama hasikilizi, anamtuma mkate na kazi nyingine. Basi mtoto anakimbia. Anapanda kilima chenye njia iliyopinda, anafika kijiji cha pili, anauliza, haambiwi, anarudi, anatumwa na babu yake, anakimbia tena mpaka giza linaingia, na nyumba haioni. Hakuna bastola katika filamu hii, wala busu, wala gari linalolipuka. Kuna mtoto, vumbi, milango, na watu wazima wasiosikia. Mwisho wake anaifanya kazi ya mwenzake mwenyewe usiku, na asubuhi mwalimu anafungua daftari akakuta ndani yake ua dogo lililokaushwa. Mtu huyo huyo, Kiarostami, alikuja Uganda akawapiga picha watoto walioachwa yatima na ukimwi, akatoa filamu yao mwaka 2001, na hata pale kamera yake ilijiinamisha mpaka kimo cha mtoto. Hapa Karatu kila asubuhi watoto wenye sweta zilizochanika viwiko hupanda na kushuka vilima vya Bashay na Qurus, daftari kifuani, na hakuna filamu hata moja iliyotengenezwa ukingoni mwa kreta yetu, pamoja na Oscar yake, iliyopata kuwatazama watoto hao kwa dakika moja.

Tamasha la Zanzibar limewahi kuzipeleka filamu vijijini Unguja na Pemba, likitundika turubai penye uwanja. Ombi langu kwa waandaaji wake ni kwamba turubai moja lipande bara, litundikwe katika uwanja wa mnada wa Karatu, lionyeshe filamu hiyo ya mtoto wa Uajemi. Pasiwe na maandishi chini ya picha. Pawe na msimulizi mmoja wa Kiswahili, na wa pili wa Kiiraqw, na wa tatu wa Kidatoga kama atapatikana, kila mmoja na jamaa zake, na kelele ziruhusiwe. Wanaozipinga sinema hizi nao waalikwe, wapewe viti vya mbele, na vijana wetu wenye filamu zao wapewe saa ya kwanza ya usiku huo, kabla ya Kiarostami. Kama itakuwa mwezi wa Julai, waandaaji na wajue kwamba Karatu ina baridi wakati huo na upepo hushuka kutoka Oldeani mara tu jua linapozama; watu watakuja na mablanketi.